Laptopu Msibani: Dada wa Kituntu Kakosea Wapi Hasa?

Kuna picha ilizunguka sana mwezi uliopita kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa Karagwe, na kama una ndugu, rafiki au hata eks wa Kagera, huenda ilikufikia hukohuko Sinza au Tabata ulipo. Imepigwa usiku, uani kwenye nyumba ya msiba, Kituntu. Kina mama wamejilaza kwenye mikeka, moto unawaka, sufuria kubwa la chai liko juu ya mafiga. Pembeni kabisa, karibu na migomba, amekaa dada mmoja kajifunika kitenge hadi kichwani, uso unang'aa kwa mwanga wa laptopu. Aliyeirusha akaandika chini: "Mjomba kafa, mwenzenu anachati."

Hakuwa anachati, wadau. Alikuwa anapandisha kazi ya darasani. Dada huyo anasoma shahada ya uzamili ya dizaini kwa njia ya mtandao, chuo kiko Uingereza, na mwisho wa kupokea kazi usiku ule ulikuwa saa 5:59 kwa saa za kule. Kwa Kituntu hiyo ni saa 7:59 usiku. Ikigonga saa nane, mfumo unafunga. Kweli, chuo kina utaratibu wa kumwongezea muda mtu aliyefiwa, ila fomu yake inataka uthibitisho wa maandishi, na mjomba aliyefariki jana yake jioni alikuwa bado hajapata hata karatasi ya kwanza.

Makomenti yakajigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza likasema ni utovu wa adabu, msiba hauchezewi. La pili likaona ni kiki tu: "Masta ya mtandaoni ndio nini? Si karatasi ya kununua?" La tatu, hasa madada wa mjini wenye bio za "mama, mwanafunzi, mjasiriamali", likambeba juujuu. Wakaichukua picha, wakaikata vizuri ikae mraba, wakaweka mioyo na maneno ya kwamba mwanamke akiamua anaweza kazi, shule na familia vyote kwa mpigo.

Wote wamekosea, na waliokosea zaidi ni hao wa mwisho, waliompenda.

Wa kwanza wanajibika haraka. Mtu wake wa karibu anasema dada alilala pale msibani siku tatu. Alimenya ndizi, alichota maji, aliosha vyombo vya watu ambao hata majina yao hawajui. Kati ya siku hizo tatu, laptopu ilifunguliwa kama nusu saa. Sasa, nani asiyejua misiba ya siku hizi? Upande wa wanaume kuna karata, kuna mabishano ya Simba na Yanga, kuna jamaa wanabeti mechi za usiku kwenye simu zao chini ya turubai lilelile, na hakuna aliyewahi kupigwa picha akaandikwa. Ila mwanamke akifungua kompyuta, basi dunia imeisha.

Wa pili wana hoja, ila wameikamata upande usio na makali. Bongo hii ya PhD za heshima za vyuo visivyojulikana viko mtaa gani, na studio zinazokodisha majoho kwa nusu saa ya kupiga picha, mtu akishtuka kusikia "masta ya mtandaoni" halaumiki. Matangazo ya uzamili wa wiki sita yanapita kila siku kwenye Instagram, ukijaza fomu tu wanakuita "Hongera." Hayo ni matapeli na yaitwe hivyo.

Lakini kusoma kwa mbali hakukuletwa na Zoom. University of London ilifungua mitihani ya shahada zake kwa watu wasiokaa chuoni tangu 1858, wakati Karagwe bado ni ufalme na mkoloni hajatia mguu. Hapa nyumbani, baada ya Azimio la Musoma la 1974, serikali ilipotaka kila mtoto aingie shule, walimu hawakutosha. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu hukohuko kazini: asubuhi wako mbele ya watoto, jioni wanasoma vitabu vilivyotumwa na kusikiliza vipindi vya redio. Ndio wale walimu wa UPE ambao watu walipenda kuwacheka. Yaani wewe unayeandika "karatasi ya kununua" huenda bibi yako alijifunza a-e-i-o-u kwa mtu aliyesoma kwa posta na redio. Chuo Kikuu Huria nacho kimeanzishwa kwa sheria mwaka 1992, kina vituo mikoani ikiwemo Kagera, na wahitimu wake wamejaa maofisini.

Cha kuuliza ni kama hicho chuo kinatambulika. Kwa Tanzania anayetambua vyeti vya elimu ya juu vya nje ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na swali hilo linaulizwa kabla ya kulipa ada. Watu wanafanya kinyume. Wanalipa, wanakesha miaka miwili, wanavaa joho, wanaposti, halafu siku ya kuomba kazi serikalini ndio wanakimbilia TCU na bahasha. Huyu wa Kituntu aliuliza mwanzoni, na ilimchelewesha karibu muhula mzima. Hilo halikuwekwa kwenye posti ya mtu yeyote kwa sababu halina mvuto.

Kuna komenti nyingine ya fungu hilo iliyopata likes nyingi: "Dizaini nayo inahitaji masta? YouTube si ipo?" Jibu la kweli ni kwamba kwa wengi haihitaji. Dada huyu mchana ni dizaina kwenye steshenari moja pale Kayanga, makao makuu ya wilaya. Kazi zake ni zile unazozijua: kadi za mchango wa harusi za kurusha WhatsApp, mabango ya mahafali, fulana za send-off, vipeperushi vya mkutano wa injili, picha ya marehemu yenye mbawa na mawingu. Mteja anayetaka kadi kabla ya saa kumi jioni hajali kama umesoma wapi. Anajali jina la bibi harusi lisikosewe, na kwamba anataka dhahabu, dhahabu, iongezwe dhahabu. Kwa hizo kazi, YouTube na Canva vinatosha kabisa, na atakayekwambia usome uzamili ili utengeneze kadi ya kitchen party anataka ada yako.

Ila uzamili wa dizaini haufundishi kubonyeza programu. Kwa kifupi unafundisha kuulizwa "kwanini" na watu wasiokuonea aibu. Unaleta kazi, wenzako kumi na kitu kutoka nchi mbalimbali wanaikosoa mbele yako kwenye kioo, unarudi kuirekebisha, unaipeleka kwa watu watakaoitumia, unaona inavyofeli, unaandika kwanini imefeli. Wengine darasani wanaleta mifano ya Bauhaus, ile shule ya Ujerumani iliyofunguliwa 1919 na ambayo kila mwanafunzi wa dizaini lazima aitaje. Huyu akaleta ng'ombe wa chuma wa Karagwe. Kama hujui, wafalme wa Karagwe walikuwa na vifaa vya utawala vya chuma kule Bweranyange, wakiwemo ng'ombe wadogo wenye pembe ndefu zilizopinda, kazi ya wahunzi wa kwao. Mwingereza Speke alifika kwa mfalme Rumanyika mwishoni mwa 1861. Dada akaandika insha nzima kuhusu hizo pembe, jinsi mhunzi alivyoacha mwili uwe mdogo ili pembe ziseme. Darasa likanyamaza. Kwao ilikuwa mara ya kwanza kusikia jina la Karagwe, na yeye alikuwa amepita karibu na Bweranyange maisha yake yote bila kuwaza kwamba hiyo nayo ni dizaini.

Utamu hasa uko kwenye kazi yake ya mwisho, na hapa ndipo mtu anaelewa kwanini anasoma huku anafanya kazi badala ya kuacha kimoja. Anatengeneza upya stakabadhi ya kahawa.

Kwa wa mjini: Karagwe na Kyerwa wanaishi kwa ndizi na kahawa, na kahawa yenyewe ni robusta, wakulima wengi wanaiuza ikiwa imekauka na maganda yake. Unapeleka gunia kwenye chama cha ushirika cha msingi, inapimwa, unapewa karatasi. Karatasi ile ina kilo, ina bei, ina makato, namba zimejipanga kama mtihani wa hesabu. Mzee wa miaka sabini anaikunja anaiweka kwenye mfuko wa koti, anaenda nayo kwa mjukuu amsomee. Asipokuwa na mjukuu, anaamini anachoambiwa. Na mtu asiyejua kahawa yake ina thamani gani ndiye anayekuja kuangukia kwenye butura, ule mtindo wa kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini kwa bei ya kutupa kwa sababu ada ya mtoto imefika au mgonjwa yuko hospitali. Serikali imeupiga vita miaka na miaka, na bado watu wanauogopa kama ugonjwa.

Basi dada akachora stakabadhi ya picha. Toleo la kwanza lilikuwa zuri mno, la kuweka Instagram. Alama ya punje ya kahawa ikimaanisha pesa, mistari ya rangi, kila kitu. Darasani wakapiga makofi. Akalipeleka kwa kina bibi watano wa Kituntu, na wote wakasoma punje kama kilo. Mmoja akamuuliza, "Mwanangu, mbona hapa unaniambia nimebaki na kahawa nyumbani?" Mwenzake wa darasani aliyeko Ureno akashauri kwanini asitengeneze programu ya simu tu. Akamjibu kwamba mzee anayemlenga ana kitochi, na kitochi chenyewe kinachajiwa dukani kwa jirani. Sasa yuko toleo la tano. Limekuwa baya kuliyatazama yote yaliyotangulia: noti zimechorwa kama noti zenyewe, zinahesabika, elfu kumi kumi, na makato yamechorwa kama noti zilizopigwa msalaba. Hakuna atakayeliweka Instagram. Ila bibi aliyeuliza kuhusu kahawa ya nyumbani amelishika, amehesabu kwa kidole, amefika jumla mwenyewe.

Angekuwa amekaa London kwenye bweni, hiyo kazi asingeipata. Angetengeneza stakabadhi ya kufikirika ya mkulima wa kufikirika, apewe alama nzuri, arudi. Kusoma ukiwa hapohapo kijijini, na kazi yako ya mchana ni kuchapa karatasi za watu walewale, kuna kitu hakinunuliki. Hata bosi wake wa steshenari, ambaye mwanzoni alikuwa ananuna, siku hizi anawapelekea wateja wenye lebo za kahawa na asali kwake moja kwa moja.

Haya, sasa fungu la tatu. Mashabiki.

Tatizo lao ni neno moja: "balansi". Eti dada kabalansi. Siri ya kubalansi, mbinu tano za kubalansi, amka saa kumi alfajiri ubalansi. Chukua kalamu basi. Uzamili wa Uingereza ni krediti 180, na kila krediti moja inahesabiwa kuwa kazi ya saa 10. Jumla saa 1,800. Ukisoma kwa miaka miwili, ni zaidi kidogo ya saa 17 kila wiki, bila kupumzika Krismasi wala Pasaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Wiki ina saa 168. Toa kazi, toa masomo, toa usingizi wa saa saba kila usiku. Zinabaki 57, yaani kama saa nane kwa siku.

Saa nane! Mbona nyingi? Ndio maana wale wa mbinu tano wanaweza kuchora duara la rangi na kila kipande kikatosha. Ila duara lao halina boda ya kwenda Kayanga na kurudi, halina kuni, halina maji, halina shamba la kupalilia, halina jumuiya ya Jumamosi, halina mtoto wa miaka minne mwenye homa. Halina mtandao unaoondoka mvua ikianza, halina umeme ambao mkoa wa Kagera kwa miaka mingi umekuwa ukiuchukua Uganda na ambao ukikatika hakuna anayekupigia kukuomba radhi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zilizoko chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na Tanzania nzima ikasinzia. Wewe ulikosa Instagram ukalalamika. Yeye alikuwa na kazi ya kundi na wenzake wanne, akaonekana kama mtu aliyewatoroka. Halafu kuna lile la Waingereza kusogeza saa zao mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba. Darasa la saa tatu usiku likageuka kuwa la saa mbili, naye akaingia watu wanaagana.

Kwa hiyo hizo saa 17 hazitoki kwenye duara. Zinatoka kwa mtu.

Rudi kwenye picha, ile ya kwanza kabisa kabla haijakatwa mraba. Nyuma ya dada, upande wa kulia, kuna mkono. Umenyooshwa juu kabisa ya kichwa, umeshika simu. Hiyo simu ndiyo iliyokuwa inatoa hotispoti, kwa sababu pale uani mtandao unashika ukiinua juu tu. Mkono ni wa mdogo wake, binti wa miaka 19. Alisimama hivyo zaidi ya dakika ishirini, akibadilisha mkono, mpaka faili likamaliza kupanda. Walioiposti picha kwenye kurasa zao za "wanawake tunaweza" waliukata huo mkono kwa sababu ulikuwa unaharibu fremu.

Na mdogo mtu huyo naye anasoma. Anarudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani uko Novemba, na hisabati ndiyo iliyomuangusha mara ya kwanza. Tangu dada aanze chuo, anayepika usiku ni yeye. Anayemuogesha mtoto ni yeye. Anayeenda kuchajisha paua benki ni yeye. Meza iko moja ndani, taa ya sola iko moja, na kuanzia saa mbili usiku vyote vina mwenyewe. Msimu wa 2024, robusta ilipovunja rekodi ya bei duniani, mzee wao aliuza vizuri, hela ikaenda kwenye awamu ya ada ya Uingereza. Tuisheni ya binti ikaambiwa isubiri. Hakuna aliyefanya ubaya hapo. Familia iliangalia ikaona mmoja yuko karibu na mstari, wamsukume amalize, halafu awavute wengine. Nyumba nyingi za Tanzania zimepandisha watu hivyo, na wewe unayesoma hapa huenda ulipandishwa hivyohivyo na dada au kaka ambaye leo humpigii simu.

Lakini kuna mtu analipa, na lile neno "balansi" kazi yake ni kumficha. Ukisema dada kaweza vyote mwenyewe, umemfuta binti aliyeshika simu. Ubaya zaidi, umemwambia dada mwingine wa mjini, yule anayelia bafuni kwa sababu amefeli moduli na bosi kamsema na mtoto hajala, kwamba shida ni yake, hajui kupanga muda. Hana shida ya kupanga muda. Hana mdogo mtu wa kushika hotispoti, au anaye na ameona aibu kumtumia.

Kuna staa mmoja wa mjini, hatajwi hapa, aliposti joho lake mwaka jana na kuandika kwamba alimaliza masta huku akifanya kazi "bila msaada wa mtu." Kwenye makomenti ya posti hiyohiyo dada wa kazi akaandika "Hongera mama, sasa tutalala." Komenti ikafutwa ndani ya saa moja. Watu waliicheka kama kichekesho, na ilikuwa ndiyo taarifa pekee ya kweli kwenye ukurasa mzima.

Ipo njia ya kuyafanya haya bila unafiki, na haina uchawi. Kabla ya kujiandikisha, kaa na watu wa nyumbani uwatajie hizo saa kwa namba: wiki hii nitahitaji 17, nani anatoa ngapi, na yeye atapata nini na lini. Mpenzi wako akisema "nakusapoti, bebi," muulize Jumanne nani anapika. Bosi naye aambiwe mapema, wapo wanaokubali kubadilishana siku kama yule wa Kayanga, aliyemruhusu kuondoka saa kumi Jumatano kwa sharti aje Jumapili mchana msimu wa harusi. Likizo ya mwaka, ambayo sheria hiyohiyo inaipa siku 28, itunzwe kwa ajili ya kazi ya mwisho badala ya kuitapanya. Na kama hela ndio kizuizi, kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa masomo ya mbali ambao unalenga hasa watu wanaosoma uzamili wa vyuo vya Uingereza wakiwa wamekaa kwao. Sio kila kozi imo, na ushindani ni mkali, ila fomu ni bure na inajazwa kwa simu. Bora ujaze hiyo kuliko kumalizia gunia la kahawa la baba yako.

Dada wa Kituntu mwenyewe hakujibu mtu yeyote mtandaoni. Mtu wake wa karibu anasema alichomind sio matusi, ni pale alipokutana na picha yake iliyokatwa ikiwa na mioyo elfu moja na kitu. Aliiangalia muda mrefu, akamwita mdogo wake, wakaitafuta ile ya kwanza yenye mkono. Wiki iliyofuata aliandikia chuo kuomba kazi yake ya mwisho isogezwe kutoka Novemba hadi muhula unaofuata. Wamekubali, kwa malipo ya ziada, na kwa maana hiyo joho ambalo mashabiki walikuwa wanalisubiri mwaka huu halipo. Baadhi yao wameshaandika kwamba ameishia njiani.

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, meza na taa ni vya binti na vitabu vyake vya hisabati. Siku hizo dada ndiye anayepika, na inasemekana amesahau kupika, ndizi zinaungua. Stakabadhi toleo la tano iko kwa katibu wa chama anaitazama kama itafaa kujaribiwa kwa wakulima wachache msimu ujao. Mzee naye ametangaza kwamba hela ya kahawa sasa itagawanywa mafungu mawili, sio kama mwaka ule, bei ikikubali.